Kuitwa Tena Baada ya Mamogramu, na Usiku wa Kusubiri Majibu

Wanaojua kwamba nilichukuliwa kinyama kwenye titi, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, huniuliza maswali ya aina mbili. Yule ambaye hajapita huko anauliza, "Ile sindano inauma?" Namjibu kwamba ganzi ikishashika husikii kitu cha kukutisha. Yule aliyepita, au aliyepigiwa simu jana kwamba arudi hospitali, hana habari na sindano. Anauliza, "Ulikuwa unalalaje?" Leo namwandikia huyu wa pili.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na miaka yangu imeshavuka 45. Sikuwa na uvimbe wa kuugusa kwa mkono, wala maumivu, wala chuchu kutoa majimaji. Nilikwenda kupiga mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kwa sababu ilikuwa Oktoba, mwezi ambao riboni za pinki zinatapakaa mjini na hospitali zinashusha bei za vipimo, na kwa sababu mama yangu mdogo alikufa kwa saratani ya titi baada ya kulificha jeraha lake chini ya kanga kwa muda mrefu mno. Tulikwenda walimu kadhaa, tukapiga soga njia nzima.

Kwa ambaye hajawahi kupima: siku hiyo unaambiwa usipake poda wala dawa ya kwapa, kwa sababu madini yaliyomo yanaweza kutokea kwenye picha yakafanana na chembe za chokaa, na chembe hizo ni mojawapo ya vitu ambavyo daktari anavitafuta. Unasimama mbele ya mashine, mtaalamu anakuwekea titi juu ya bamba, kisha bamba la juu linashuka na kulibana. Linabana kwelikweli. Lakini ni sekunde chache, na ipo sababu: titi likitandazwa vizuri, nyama zake hazifunikani kwenye picha, na mionzi kidogo inatosha. Kila titi linapigwa picha mbili, moja kutokea juu na nyingine ya mshazari kutokea ubavuni. Nikavaa nguo zangu, nikarudi kazini.

Simu ilikuja siku chache baadaye, nikiwa stafurumu nasahihisha madaftari.

"Dada, habari za kazi. Daktari anaomba urudi, kuna kitu anataka kukiangalia vizuri."

"Kitu gani?"

"Atakueleza mwenyewe ukija. Una nafasi wiki ijayo?"

Aliyenipigia alikuwa na adabu, na najua alikuwa akitekeleza kazi aliyopewa. Lakini "kuna kitu" ni maneno mazito sana kumwachia mtu akae nayo mpaka wiki ijayo. Kama kuna anayesoma hapa ambaye kazi yake ni kupiga simu hizo, namwomba kwa moyo wote aongeze sentensi mbili tu. Amwambie mama wa watu ni titi lipi, ni kipimo gani kinafuata, na kwamba wengi wanaoitwa hivyo baada ya kupima bila dalili hawakutwi na saratani. Haichukui hata dakika moja, na ingeniokolea usiku mwingi.

Jioni ile nilipika, nikala na watoto, nikaangalia taarifa ya habari. Walipolala wote ndipo mwili ulipoanza. Moyo ulienda mbio nikiwa nimelala chali. Mikono ilikuwa baridi na Dar ilikuwa na joto la Oktoba. Nikaanza kujipapasa titi la kushoto, kisha la kulia kulinganisha, kisha la kushoto tena, mpaka ngozi ikawa inauma, na nilipolisikia lile umivu nikaliona ni dalili mpya. Najua sasa kwamba wanawake wengi hufanya hivyo. Ukilibonyeza titi mara kwa mara litauma, na umivu hilo halikuambii chochote kuhusu kilichoonekana kwenye picha. Ukijikuta unafanya hivyo, uondoe mkono uushike mto.

Mwanamke wa Dar es Salaam akiambiwa neno titi na neno hospitali kwa pamoja, kinachomjia kichwani ni Ocean Road, hospitali ya saratani. Jengo lile la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19, linaloangalia bahari, kila mmoja wetu anamfahamu mtu aliyepelekwa pale. Ni taasisi inayojitegemea tangu mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi, kabla Bugando kule Mwanza nako hakujapata huduma hiyo. Watu wanatibiwa pale na kupona. Lakini mtaani ukisema umeandikiwa Ocean Road, mtu anakutazama macho ya kukuaga, na anayekusikiliza anaanza kukumbuka marehemu wake.

Nililifikiria sana jambo hili katika siku zile, na hapa ndipo nilipoielewa hofu yangu. Wagonjwa wa saratani ya titi niliokuwa nawajua wote walikuwa wale waliofika hospitali wakiwa wamechelewa, kama mama mdogo. Hao ndio walioonekana, kwa sababu ugonjwa ulishaonekana. Aliyegunduliwa mapema, akatolewa uvimbe mdogo, akamaliza dawa na kurudi kazini, hasemi. Anaogopa kusemwa, anaogopa ndoa, anaogopa binti zake wasije wakakosa wachumba. Yupo kwenye foleni ya benki, yupo kwenye kwaya, yupo madrasa anafundisha, na hakuna anayejua. Kwa hiyo picha tunayobeba vichwani kuhusu ugonjwa huu imetokana na misiba peke yake. Simu inapoita, tunaruka hatua zote za katikati tunajikuta makaburini.

Na hatua za katikati ni nyingi. Huko Marekani, ambako wanawake wasio na dalili wamepimwa kwa miaka mingi na hesabu zikawekwa, katika kila wanawake 100 wanaopiga mamogramu, kama 10 huitwa tena. Kati ya hao walioitwa, wanaokutwa na saratani hawafiki 1 katika 10. Mwanamke anayepima kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuitwa tena angalau mara moja kwa jambo ambalo mwishoni linaonekana si saratani. Hesabu hizi hazihamishiki zilivyo kuja kwetu, kwa sababu hapa wengi wanaopelekwa kwenye mamogramu wameshasikia uvimbe kwa mkono, na kwao uwezekano ni mwingine. Mimi nilikwenda bila dalili yoyote, kwa hiyo zilinihusu zaidi. Tena ilikuwa mara yangu ya kwanza, na anayepima mara ya kwanza huitwa zaidi kuliko wengine, kwa sababu msomaji wa picha hana picha ya zamani ya kulinganisha nayo. Titi lenye nyama nyingi ya tezi hutokea jeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutokea mweupe. Bila picha ya mwaka jana, atajuaje kwamba lile wingu jeupe limekuwepo siku zote?

Uwezekano na takwimu ni kazi yangu, nafundisha kidato cha pili mpaka cha nne. Mchana hesabu hizi zilinituliza. Saa nane za usiku hazikunisaidia kitu, kwa sababu saa nane za usiku hujioni kwenye tisa, unajiona kwenye yule mmoja. Siwezi kumdanganya mtu kwamba akijua takwimu hofu itaondoka. Zilichonifanyia ni kwamba asubuhi ikifika nilikuwa na mahali pa kurudi.

Kilichonisaidia zaidi ni yule daktari. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nilipoingia aliacha kiti chake cha nyuma ya meza akavuta kingine akakaa upande wangu, akaigeuza kompyuta tukawa tunaitazama wote wawili. Akanionyesha picha yangu: hapa ni msuli wa kifua, hapa ni mafuta, haya meupe ni tezi, na hapa, akaweka ncha ya kalamu, pana kivuli ambacho kipo kushoto na kulia hakipo.

"Mwalimu, ripoti yako imeandikwa kundi 0. Maana yake hatujamaliza kusoma. Bado hatujasema lolote, zuri wala baya."

Nakiweka hapa alichonieleza, kwa kuwa ripoti hizi siku hizi mtu anapewa mkononi au anatumiwa kwenye simu, anazisoma peke yake kwenye daladala. Makundi yanaanzia 0 mpaka 6. La 0 ni kwamba zinahitajika picha zaidi. La 1 ni kawaida, na la 2 ni kwamba kuna kitu lakini kinajulikana hakina madhara, mfano kifuko cha maji. La 3 ni kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, ndiyo maana mtu huambiwa arudi baada ya miezi 6 kitazamwe tena. La 4 ni kwamba inabidi kinyama kichukuliwe, na lenyewe limegawanywa mara tatu kwa kuwa ni pana mno: 4A ni zaidi ya asilimia 2 mpaka 10, 4B inakwenda mpaka 50, na 4C inapanda juu ya hapo. La 5 ni asilimia 95 na zaidi. La 6 ni la mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa. Ukisoma "kundi 4" bila herufi, uliza herufi. Kati ya 4A na 4C kuna umbali mkubwa sana, na wewe unayekaa na karatasi hiyo nyumbani una haki ya kuujua.

Siku hiyohiyo nikapigwa picha nyingine, safari hii bamba dogo likibana pale penye kivuli tu, kisha utrasaundi. Jeli baridi, chumba chenye giza, na mtaalamu aliyekuwa kimya. Mimi nikawa namsoma uso. Akikunja kipaji najua nimekwisha, akipiga miayo najua nimepona. Baadaye nilimuuliza daktari mbona hawasemi, akaniambia wanapima: urefu, upana, umbali kutoka kwenye chuchu, kingo zilivyo, na kuangalia kwapani kama tezi zimevimba. Kukosea namba moja ni kumchoma mtu sindano mahali pasipo. Basi usimsome uso mtu anayepima. Hakuna kilichoandikwa pale.

Kilionekana kijiuvimbe kigumu, chini ya sentimeta mbili, kingo zake upande mmoja si laini. 4A. Kinyama kichukuliwe.

Kufikia hapo dada yangu alikuwa ameshindwa kuficha, na shangazi akanipigia kutoka Korogwe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia wanataka kukuchoma chuma kwenye ziwa. Usikubali. Uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika, unasambaa mwili mzima. Umesahau ya mama yako mdogo?"

Sikuwa nimesahau. Mama mdogo alichukuliwa kinyama, na haikuchukua muda tukamzika. Shangazi ameunganisha mambo mawili aliyoyaona kwa macho yake, na ndivyo walivyoyaunganisha watu wengi wa Tanga na Lindi na kila mahali. Lakini mama mdogo alichomwa sindano ile wakati ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Sindano ilikuta msiba, haikuuleta. Uchunguzi wa miaka mingi umefanyika kwa wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano, na haikuonekana kwamba kuchukuliwa huko kunawapunguzia maisha. Nilimweleza shangazi taratibu, akanisikiliza, akaniambia atanisomea Yasini. Nilimshukuru, na nilikuwa naihitaji.

Nawasihi msimdharau shangazi wa namna hii. Anachokisema kinatokana na upendo na makaburi aliyoyaona. Ila usimwachie akuamulie. Wapo wanawake ambao baada ya simu ile ya "rudi" hawarudi tena, wanakwenda kwa mganga, wanakwenda kwenye maombi peke yake, wanakunywa mizizi, na mwaka unapita. Kwenye ugonjwa huu mwaka ni mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanza mwaka 2021, linataka mwanamke akishafika kwenye huduma apate jibu kamili ndani ya siku 60, na kwamba angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili. Hofu ni ya kila mtu na hailazimishwi kuondoka. Tarehe ya kurudi hospitali isipangwe na hofu.

Siku ya kinyama nilimwomba mume wangu aje. Hapo nyuma, kila nilipomweleza ninavyojisikia, alikuwa ananijibu, "Hakuna kitu mke wangu, usiwaze." Alikuwa anajikinga na yeye. Lakini kila aliposema hivyo nilikuwa nanyamaza, na nikinyamaza usiku unakuwa mrefu zaidi. Mwisho nikamwambia, "Baba, usiniambie hakuna kitu, maana hujui na mimi sijui. Niambie tutakwenda wote." Akaomba ruhusa kazini. Alikaa kwenye benchi la nje ameshika pochi yangu na kilemba, na nilipotoka alikuwa bado ameishika vilevile kwa mikono miwili.

Kilichofanyika ndani ni hiki. Walisafisha kwa dawa, wakachoma ganzi, ile ikauma kidogo na kuwasha kwa sekunde kadhaa. Kisha tundu dogo la kisu kwenye ngozi, ambalo halishonwi. Sindano inaongozwa kwa utrasaundi, unaiona kwenye skrini ikiingia, mstari mweupe unaosogelea kile kivuli. "Utasikia mlio, usishtuke," aliniambia. Ikalia "ta!" Mwili uliruka ingawa sikusikia maumivu. Wakarudia mara kadhaa. Nilipoomba kuona, alininyanyulia kichupa: ndani ya maji maangavu kulikuwa na vinyama vyembamba vyeupe, mfano wa tambi zilizokatika, vingine vimezama na kimoja kinaelea. Kinachoelea ni mafuta, akasema, tunavyovitaka ni vilivyozama. Kwenye kichupa waliandika jina langu, titi la kushoto, na saa. Nilisoma jina langu mara mbili. Nikafungwa bandeji, nikaambiwa nisinyanyue ndoo siku hiyo, na nikapewa vidonge vya kawaida vya maumivu. Titi lilivilia damu, likawa la zambarau kisha la njano, na hilo ni la kawaida.

Halafu ndipo kikaja kipindi kigumu kuliko vyote. Kabla ya hapo kulikuwa na la kufanya: kwenda, kupanda kitanda, kulipa, kufuatilia kibali cha bima. Sasa hakuna. Kichupa kiko maabara, nami niko darasani naandika ubaoni.

Nilimuuliza daktari kwa nini inachukua muda, na nawashauri nanyi muulize, kwa sababu ukijua kinachofanyika kule, kusubiri kunapata umbo. Kinyama lazima kwanza kikae kwenye formalini kwa saa nyingi ili kisioze na kisibadilike. Kisha kinakaushwa maji, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba mara nyingi kuliko unywele, vinalazwa kwenye kioo na kutiwa rangi za zambarau na pinki. Ndipo mtaalamu wa patholojia anapoviweka chini ya hadubini. Wataalamu hao nchini ni wachache, na vichupa vinawafikia kutoka mikoa mingi. Wakati mwingine anataka kutia rangi ya pili ili awe na uhakika, au anamwita mwenzake watazame pamoja. Kwa hiyo majibu yakichelewa, usiyasome ule uchelewaji. Mimi nilikuwa nausoma: wamechelewa, basi wameona kitu. Hauna maana hiyo.

Jambo la pili nililolifanya kabla sijatoka pale ni kuuliza majibu yatatoka siku gani, nitaambiwa na nani, na kwa njia gani. Nikasema wazi kwamba sitaki kuyapata kwa ujumbe wa simu nikiwa kazini, nataka kuyasikia nikiwa nimekaa na mtu wangu. Wakakubali. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba hivyo. Unaweza.

Usiku niliupangia mambo machache. Simu ililala sebuleni, kwa sababu nilishaona kwamba kila nikiingia intaneti kutafuta kutulia natoka na ugonjwa mpya. Nilitenga muda baada ya Alasiri wa kukaa na mawazo yangu na daftari, nayaandika yote, hata yale ya nani atawalea watoto. Yakija usiku nayaambia, nimeshakuandika, tuonane kesho Alasiri. Usiku wa kwanza hayakusikia. Siku zilizofuata yakaanza kusikia. Nilipojikuta moyo unakimbia nilikuwa navuta pumzi na kuitoa polepole, kuitoa kukiwa kurefu kuliko kuivuta, mpaka mabega yashuke. Nilisali, na kuna rakaa nilizozisali machozi yakidondoka kwenye mswala. Mwalimu mwenzangu Mkristo akanishika mkono stafurumu akaomba kwa sauti ya chini, nikaitikia amina.

Nilichagua watu wachache wa kuwaambia. Mkuu wa shule alijua, ili nikikosa kipindi asiulize. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo sikusema, kwa sababu pale kila mtu angetaka nimtulize yeye. Na kuna jambo naliandika kwa herufi kubwa moyoni: kama umepitisha siku nyingi huli, hulali, au unapata mawazo kwamba bora usiwepo, usiseme ni wasiwasi wa kawaida utapita. Mwambie daktari hivyohivyo. Hiyo nayo inatibiwa, na hospitali kubwa kama Muhimbili wana kliniki ya afya ya akili. Hakuna anayekuhesabia uchizi.

Nalazimika pia kusema hili. Mimi nina mshahara na bima, na hospitali iko umbali wa daladala mbili. Kwenye benchi nilikaa na mama aliyetoka Lindi, amefikia kwa mtoto wa kaka yake Mbagala, amelala sebuleni kwa watu, na kila siku majibu yanaposogezwa anahesabu nauli na kula ya watu. Ukimwambia mama huyo apumue taratibu aache kuwaza, humsaidii. Kinachomtuliza ni kuambiwa tarehe ya kweli na kutorudishwa bure. Hofu yake nyingine ni ya hesabu ya fedha, na dawa yake ni huduma kusogezwa mkoani kwake. Sitachoka kulisema hilo.

Siku ya majibu tulikwenda mapema. Daktari hakutuzungusha, tulipokaa tu akasema, "Si saratani." Kisha ndiyo akasoma: faibroadenoma, uvimbe wa nyama za titi usio na madhara. Akatufungulia tena ile picha, akaeleza kwamba majibu ya maabara lazima yakubaliane na kilichoonekana kwenye picha. Kama picha inatisha na maabara inasema salama, hawaridhiki, wanachukua kinyama tena. Kwangu vilikubaliana. Nirudi baada ya miezi 6 kwa utrasaundi.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitegemea furaha, na furaha haikuja siku ile. Ulikuja uchovu wa ajabu, nikalala mchana kutwa. Kwa wiki kadhaa baadaye simu ikiita namba nisiyoijua nilikuwa nashtuka. Watu walisema, "Alhamdulillah, limeisha hilo," na mimi nilikuwa nashukuru kwelikweli huku mwili wangu ukiwa bado uko kwenye lindo. Wanawake wenzangu mtakaopata jibu zuri, msishangae mkikaa namna hiyo kwa muda. Na msione aibu mbele ya aliyepata jibu jingine. Yule mama wa Lindi alikutwa nayo, ndogo, bado haijafika kwapani, na akaanza matibabu. Aliniambia kwamba usiku alioambiwa ana ugonjwa gani na dawa zitaanza lini, ndio usiku wa kwanza alioupata usingizi.

Miezi 6 yangu inaangukia mwezi ujao. Wasiwasi umeanza kurudi, mdogo kuliko wa kwanza. Nimeomba hospitali wanipe picha zangu zote kwenye CD pamoja na ripoti ya maabara, nimezitia kwenye bahasha moja ya kaki na kuandika tarehe juu yake, maana atakayesoma picha mpya atahitaji za zamani za kulinganisha, na hospitali hubadilika na mafaili hupotea. Safari hii atakuwa nazo. Kipindi changu cha Jumanne nimeshabadilishana na mwenzangu, na mume wangu ameshaomba ruhusa.